Mshale wa Oili Unaposhuka: Mjadala juu ya Injini ya Dizeli Iliyotembea Sana

Miongoni mwa vipimo vyote vilivyo mbele ya dereva wa lori, presha ya oili ndiyo inayoogopwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi, kwa kuwa mshale mmoja hubeba habari za mambo mengi yasiyofanana: mnato wa oili yenyewe, yaani uzito wake wa kutiririka, joto lake, hali ya pampu, ulegevu wa beringi, na hata uzima wa waya unaopeleka habari hizo kwenye dashibodi. Presha hiyo ni msukumo wa oili ndani ya mifereji iliyotobolewa katika bloku ya injini, na hupimwa kwa baa, ambapo baa 1 ni takriban pauni 14.5 kwa kila inchi ya mraba. Msukumo huo ukishuka katika injini mpya hakuna anayebisha kwamba kuna hitilafu. Ubishi huzuka kwa injini iliyotembea kilomita laki nyingi, ambayo kupungua kidogo kwa presha ni sehemu ya umri wake, na ambayo mwenye mali hulazimika kuamua, mara nyingi akiwa na mzigo wa mtu juu ya lori, kama kushuka huko kunavumilika au kunaelekea kuua krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni.

Mjadala ufuatao umepangwa kwa sauti nne za aina ya watu wanaokutana katika gereji za malori kandokando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma: mwenye lori, ambaye madereva humwita tajiri hata kama lori ni moja na bado ni la mkopo; dereva; fundi mkongwe; na mhandisi wa mitambo. Lori lenyewe ni la mfano. Lina uwezo wa kubeba tani 10 na injini ya Cummins ya mfululizo wa B, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 5.9, ya aina ya zamani isiyotegemea kompyuta. Injini hiyo ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1980, ikafungwa kwenye magari ya Dodge ya Marekani kuanzia toleo la 1989, na ikatengenezwa pia China na Dongfeng kwa leseni, jambo lililosaidia kuitawanya pamoja na spea zake katika nchi nyingi. Ichukuliwe kwamba lori hilo limetembea kilomita 700,000 na zaidi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, mshale husimama karibu na baa 4. Baada ya kupanda mlima Kitonga na mzigo, linapongoja zamu kwenye mizani ya Makambako huku injini ikizunguka kwa sailensi, yaani bila dereva kukanyaga mafuta, mshale hulala kwenye baa 0.8 na taa nyekundu ya oili hupepesa mara moja moja.

Mwenye lori: Bwana Mhandisi, jambo lenyewe ni jepesi kulieleza na zito kulilipia. Fundi anataka injini ishushwe ifanyiwe ovahoo, dereva anashikilia kwamba gari linavuta na lisilazwe, na wakati huohuo marejesho ya mkopo hayana siku ya kulala. Anayelipa anataka kujua kitu kimoja tu: presha hii ni ya uzee au ni ya kufa?

Fundi: Mama, hapo hakuna fumbo. Injini iliyotembea laki saba imelegea beringi, yaani vile vipande vya nusu duara vinavyoikumbatia krenki ili isisagane na bloku wala na konrodi. Beringi zikilegea, oili hutoroka pembeni kabla presha haijajengeka. Asubuhi oili ni nzito, haitoroki upesi, na mshale unapanda. Mchana imekuwa nyepesi, na mshale unalala. Anayengoja ushahidi zaidi ya huo anangoja krenki ikwaruzike.

Mhandisi: Mzee, huenda maelezo hayo yote yakawa sahihi, ila yameruka hatua moja, nayo ni kuuliza kama mshale unasema kweli. Katika malori mengi swichi ya taa nyekundu hutengenezwa iwake presha inaposhuka hadi takriban baa 0.5 au chini ya hapo. Hapa mshale unasema 0.8 na taa inapepesa. Vifaa viwili vinasoma oili ileile kwa wakati uleule na havikubaliani, kwa hiyo kimojawapo kinakosea, na yawezekana ni vyote viwili.

Hoja hiyo ya mhandisi ina uzito kuliko inavyoonekana, na inasikitisha kwamba katika gereji nyingi hurukwa. Sensa ya presha katika injini za aina hii ni kopo dogo la chuma lenye utando ndani yake. Oili ikiusukuma utando, kidole kidogo husogea juu ya waya wenye ukinzani wa umeme, na geji ya dashibodi husoma badiliko la mkondo. Kidole hicho husugua mahali palepale kwa miaka, kikipata joto na mtikisiko, hadi waya unalika. Tena sensa nyingi za waya mmoja hurudisha umeme kupitia nyuzi za kuingilia kwenye bloku, hivyo fundi aliyezifunga kwa utepe mweupe wa mafundi bomba ili oili isivuje huwa amekata njia ya umeme na kuzalisha ugonjwa wa presha ambao haumo katika injini. Yapo pia magari mapya zaidi ambayo nyuma ya mshale wake hakuna kipimo kamili, bali swichi tu inayosema ipo au haipo, na kompyuta huuweka mshale mahali panapompendeza mteja.

Kipimo kinachokata shauri ni geji ya kimakanika, yaani geji isiyotumia umeme, ambayo mpira wake hufungwa moja kwa moja kwenye tundu la mfereji mkuu wa oili baada ya sensa kung'olewa. Hufungwa kabla ya safari fupi ya kuipasha injini, kwa sababu kipimo cha injini ya baridi hakithibitishi kitu. Oili inapaswa kufikia joto la nyuzi 90 au zaidi, kiasi chake kiwe kimehakikishwa kwenye kijiti cha kupimia, na ndipo usomaji uandikwe kwa sailensi, kwa mzunguko wa kati na kwa mzunguko wa juu. Kwa injini hii ya lita 5.9 mtengenezaji aliweka kiwango cha chini kabisa cha baa 0.69 kwa sailensi injini ikiwa na joto, na baa 2.07 kwa mzunguko wake wa juu wa kazi. Vali ya kudhibiti presha, ambayo hurudisha oili ya ziada ili msukumo usipasue kitu, hufunguka karibu na baa 4.5.

Mwenye lori: Basi 0.8 iko juu ya 0.69, na maneno yameisha. Lori lirudi barabarani.

Fundi: Mama, kiwango cha chini kabisa ni mpaka, na hakuna mwenye busara anayeishi mpakani. Mwaka juzi lori hilihili likiwa na joto lilikuwa likisoma baa 1.5 na zaidi, na dereva ni shahidi.

Dereva: Ni kweli, tajiri. Lakini Mzee aseme pia kwamba likiwa kwenye mwendo mshale unapanda vizuri, injini haigongi, haitoi moshi mweusi, na Kitonga linapanda kwa gia zilezile.

Mhandisi: Hapo fundi ana haki. Usomaji mmoja una thamani ndogo, na kama mwenye lori angekuwa na daftari lenye presha ya kila mwezi, injini ikiwa na joto lilelile na oili ya daraja lilelile, nusu ya ubishi huu isingekuwapo. Hata hivyo neno la dereva lisipite bure, kwa maana tofauti kati ya presha ya sailensi na presha ya mwendo ndiyo yenye habari kubwa.

Ili tofauti hiyo ieleweke, sharti iondolewe dhana iliyokita mizizi, kwamba pampu ya oili hutengeneza presha. Pampu ya aina hii huteka kiasi kilekile cha oili kwa kila mzunguko na kukisukuma mbele; inachotengeneza ni mtiririko, na presha huzaliwa pale mtiririko unapokutana na ukinzani wa njia nyembamba. Bomba la maji la mtaa huonyesha jambo hilohilo: koki zote zikifunguliwa kwa pamoja, nyumba ya mwisho hupata maji ya kudondoka ingawa pampu ya mamlaka haijapungua nguvu. Katika injini koki hizo ni nafasi kati ya beringi na shingo za krenki, yaani zile sehemu laini za duara ambazo beringi huzikumbatia. Shingo kuu ya krenki hii ina kipenyo cha milimita 83, na nafasi inayofaa kati yake na beringi haizidi sana sehemu ya kumi ya milimita moja. Nafasi hiyo ikiongezeka, uvujaji hauongezeki kwa kiasi kilekile, kwa kuwa hufuata mchemraba wa nafasi: ikiwa mara mbili, oili inayotoroka huwa mara nane, endapo mnato na presha havikubadilika. Ndiyo maana injini inaweza kutembea miaka mingi bila mshale kusogea, kisha ikashuka kwa miezi michache.

Kutokana na kanuni hiyo, mifumo ya usomaji huanza kusema. Presha iliyo ndogo kwa sailensi lakini inapanda vizuri kwa mwendo inaashiria oili iliyokuwa nyepesi mno au nafasi zilizopanuka, kwa sababu pampu ikizunguka haraka huuzidi uvujaji. Presha iliyo ndogo kotekote, asubuhi na mchana, sailensi na mwendo, inaelekeza kwenye pampu iliyolika au vali ya kudhibiti iliyokwama wazi kwa uchafu, na vali hiyo katika injini hii hung'olewa kwa muda mfupi, ikasafishwa na kukaguliwa bila sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kuguswa. Presha inayopanda kisha ikaanguka mzunguko unapoongezeka hutilia shaka chujio la bomba la kufyonzea lililozibwa na tope jeusi. Mshale unaochezacheza, hasa kwenye mteremko au kona, huashiria oili pungufu au bomba la kufyonzea linaloingiza hewa kwenye gasketi yake. Na presha iliyoanguka ghafla kwa siku moja haina uhusiano na uzee. Hutafutwa katika kitu kilichokatika au kilichodondoka, kwa mfano mojawapo ya jeti zinazorushia oili chini ya pistoni ili kuzipoza.

Lori la mfano, kama dereva anavyolieleza, limo katika kundi la kwanza, na kundi hilo lina washukiwa wawili. Fundi ameshika wa pili. Mhandisi anataka aanze na wa kwanza, na hapa sababu ni ya kifedha zaidi kuliko ya kitaaluma.

Mhandisi: Mzee, oili inapimwa kwa shilingi chache, beringi zinapimwa kwa kufungua. Oili ya daraja la 15W-40 ikiwa katika nyuzi 40 ina mnato ulio takriban mara saba hadi nane ya ule ilionao katika nyuzi 100, kwa hiyo joto peke yake linaeleza sehemu kubwa ya safari ya mshale kutoka 4 hadi 0.8. Kama rejeta imeziba nusu, au kipoza-oili kimejaa kutu, oili itapanda hadi nyuzi 120 kule Kitonga na presha itashuka ingawa beringi ni nzima. Na kama dizeli inaingia kwenye oili, mambo huwa mabaya zaidi.

Mwenye lori: Dizeli iingieje kwenye oili, na kila moja ina njia yake?

Suala hilo linastahili kukaliwa, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa zaidi. Dizeli huingia kwenye sampo kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, ambapo dizeli isiyoungua huosha ukuta wa silinda na kushuka kupita pete za pistoni. Ya pili ni fidi pampu, ile pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa bloku na kusukumwa na kemshafti, ambayo muhuri wake ukichoka huvujishia dizeli ndani ya injini. Ya tatu ni pampu kubwa ya kupeleka dizeli kwenye nozeli, ambayo katika aina nyingi hulainishwa na oili ya injini, hivyo vifyonzo vyake vikilika dizeli hupenya upande wa oili. Maabara nyingi huanza kutoa onyo pale dizeli inapofikia kati ya asilimia 2 na 5 ya oili, kwa kuwa kiasi hicho kinatosha kuushusha mnato kwa daraja zima.

Dalili yake ya kwanza hupatikana bila maabara, nayo ni kijiti cha oili kinachoonyesha ongezeko ilhali hakuna aliyeongeza. Mwenye lori hufurahia injini isiyokula oili, na furaha hiyo imewahi kuzika injini nyingi. Tone la oili likidondoshwa kwenye karatasi yenye kunyonya na kuachwa saa kadhaa, dizeli husafiri mbele na kuchora duara jepesi la njano nje ya doa jeusi. Maji nayo hujulikana kwa kudondosha tone juu ya bamba la chuma lenye joto kupita nyuzi 100, ambapo oili safi hutulia na oili yenye maji huchachatika. Inafaa kuongeza kwamba kipoza-oili kilichotoboka hudanganya: injini ikiwaka, presha ya oili huizidi ya maji, na oili huonekana ndani ya rejeta, injini ikizimwa, maji yenye presha ya joto hurudi upande wa oili, yakaingia hadi kwenye beringi. Ipo hila nyingine ambayo hata maabara huhitaji kuitazama kwa makini. Masizi ya dizeli huifanya oili kuwa nzito, dizeli huifanya nyepesi, na vyote viwili vikikutana mnato unaweza kusomeka wa kawaida katika oili iliyoharibika pande zote mbili.

Fundi: Yote hayo sawa, Bwana Mhandisi. Oili imwagwe, iwekwe mpya yenye lebo inayosomeka, siyo ile ya kupimiwa kwenye dumu. Lakini presha isiposogea?

Dereva: Mzee, kuna wanaoweka oili nzito ya namba 50, na wengine huongeza dawa ya chupa. Taa inazimika na lori linapiga safari hadi mwaka unaisha. Wengine huongeza sailensi kidogo tu, na mizani inapitwa bila taa kuwaka.

Mhandisi: Kaka, kuongeza sailensi ni huduma ya kwanza isiyo na dhambi, mradi tajiri aambiwe, kwa kuwa pampu inazunguka haraka zaidi na beringi zinapata oili zaidi kweli. Oili nzito ni jambo lingine. Mshale hupanda kwa sababu ukinzani umeongezeka, na ukinzani huohuo ndio unaochelewesha oili kufika kwenye turbo na kwenye roka, yaani mikono inayofungua vali, asubuhi. Katika baridi ya Mafinga mwezi wa Juni, lori linalowashwa alfajiri na kukanyagwa papo hapo huzungusha turbo maelfu kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika juu ya oili ambayo bado inatambaa. Tena filta ina vali ya dharura inayofunguka pale oili inaposhindwa kupenya kwenye karatasi yake. Oili nzito na ya baridi huifungua vali hiyo kwa muda mrefu zaidi, na oili isiyochujwa huenda moja kwa moja kwenye beringi.

Fundi: Dawa ya chupa haina utetezi. Ila oili ya namba 50 kwa injini inayoshinda bondeni, Kilombero au Dar es Salaam, haiwezi kulinganishwa na ya Mafinga. Mtengenezaji aliandika viwango vya oili kwa kufuata joto la mahali, na wapo wazee waliozifikisha injini mbali kwa oili hiyo.

Katika hilo fundi anasema kweli, na mhandisi hana jibu la kumshinda, kwa kuwa oili nzito kidogo katika nchi ya joto ni uamuzi halali wa kiufundi. Kosa lipo katika kuitumia baada ya presha kushuka na kabla ya chanzo kujulikana, kwani hapo oili huondoa dalili na kumwacha mwenye lori bila kipimo chochote cha kumwonya tena.

Mhandisi ana hoja moja zaidi ambayo huwashangaza wengi. Mwaka 1883, Mwingereza Beauchamp Tower, akifanya majaribio ya msuguano kwa ajili ya Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo ya nchi yake kwa kutumia beringi za aina iliyotumika kwenye ekseli za reli, alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kitilia oili. Ekseli ilipozungushwa, oili ilipanda na kufurika kupitia tundu hilo. Likazibwa kwa kizibo, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji, mshale ulipita pauni 200 kwa inchi ya mraba, yaani karibu baa 14, ilhali mzigo wa wastani juu ya beringi ulikuwa nusu ya hapo na hapakuwa na pampu yoyote. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alitoa hesabu ya jambo hilo: shingo inayozunguka huiburuta oili hadi kwenye upenyo unaofinyika, na oili yenyewe hujijengea msukumo unaoibeba ekseli juu ya utando mwembamba. Kwa maneno mengine, kinachoibeba krenki ni presha inayozaliwa ndani ya beringi, kubwa mara nyingi kuliko ile ya geji; pampu kazi yake ni kuhakikisha beringi haikosi oili ya kuburuta.

Mhandisi: Kwa hiyo, Mama, baa 0.8 kwa sailensi, krenki ikiwa haina mzigo, haiui beringi. Injini huteseka kwa presha ndogo ikiwa kwenye mzigo, pale Kitonga, na hapo dereva anasema mshale uko juu. Kanuni ya gereji inayodai takriban baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ya dakika inafaa kuangaliwa kwa geji ya kimakanika lori likiwa linapanda.

Fundi: Bwana huyo wa 1883 alikuwa na beringi iliyokaa sawasawa. Beringi iliyolika haishiki utando huo vizuri, na oili hiyo mbali na kubeba, inaondoa joto. Beringi iliyo mbali kabisa na pampu hupata kilichobaki. Geji haionyeshi kama kuna beringi yenye njaa, filta inaonyesha.

Kwa neno hilo la mwisho mjadala unafika mahali ambapo pande mbili zinakutana bila kupenda. Filta ya oili iliyotolewa hukatwa, karatasi yake hukunjuliwa na kukamuliwa, na kilichomo hutazamwa juani. Beringi nyingi za dizeli za aina hii zina tabaka kadhaa: mgongo wa chuma, tabaka la shaba na risasi, na juu kabisa utando laini wa risasi na bati wenye unene wa sehemu chache za mia za milimita. Unga mchache wa kijivu katika injini ya kilomita laki saba ni wa kutarajiwa. Vumbi la rangi ya shaba lina maana kwamba utando wa juu umekwisha na krenki sasa inasugua tabaka la chini, na vipande vinavyonaswa na sumaku ni vya chuma, ambavyo chanzo chake chaweza kuwa krenki yenyewe, kemshafti, gia au pete za pistoni.

Mwenye lori: Na shaba ikionekana, injini inashushwa?

Fundi: Hapana, Mama. Katika injini hii sampo hushushwa, kofia za beringi hufunguliwa moja baada ya nyingine, na beringi hubadilishwa krenki ikiwa mahali pake na injini ikiwa juu ya lori.

Hapo fundi amerudi nyuma hatua kubwa kutoka kwenye ovahoo aliyoanza nayo, na ni vizuri ikasemwa wazi kwamba ovahoo kamili, yenye pistoni, pete na silinda mpya, haina uhusiano wa lazima na presha ya oili. Injini inayowaka upesi asubuhi, isiyotoa moshi wa bluu na isiyopumulia kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili, haina sababu ya kuvuliwa hedi kwa ajili ya beringi. Kofia zikishafunguliwa, kipande cha uzi laini wa plastiki wa kupimia huwekwa juu ya shingo, kofia hukazwa kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni na kufunguliwa tena, na upana wa uzi uliobanwa husomwa kwenye karatasi yake kuwa ndio nafasi iliyopo. Pampu ya oili hukaguliwa siku hiyohiyo, na bomba la kufyonzea huwekewa gasketi mpya.

Hukumu ya mjadala, kwa kadiri unavyoweza kuhukumiwa bila spana mkononi, inampa mhandisi mpangilio wa kazi na kumpa fundi tarehe ya mwisho. Lori la mfano lifungwe geji ya kimakanika, oili na filta vibadilishwe, filta ya zamani ikatwe, na kijiti kiulizwe habari za dizeli. Geji ikisoma juu ya baa 0.69 kwa sailensi na juu ya 2.07 kwa mzunguko wa juu, na filta ikiwa haina shaba, lori liende kazini na usomaji uandikwe kila mwezi kwenye daftari linalokaa garini. Shaba ikionekana, au geji ikishuka chini ya viwango hivyo kwa oili mpya, sampo ishushwe kabla ya mzigo mwingine kupakiwa. Na dereva anayeona mshale ukianguka lori likiwa kwenye mwendo hana ruhusa ya kutafuta gereji iliyo mbele: anaegesha na kuzima injini hapohapo, awe peke yake porini au yuko mita mia moja kutoka mjini.

Krenki ambayo shingo zake bado ni laini hupokea beringi za kipimo cha kiwandani na kurudi barabarani. Ikikwaruzika hupelekwa kwenye karakana ya mashine kuchongwa, na beringi nene zaidi huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Krenki iliyofikia 1.00 haichongwi tena, hununuliwa nyingine.